Ukweli wa Maji katika Sinema

Sinema ni sanaa ya kuaminisha. Mtu huketi gizani mbele ya ukuta mweupe, akaona vivuli vya nuru vikitembea, akacheka navyo na kulia navyo, hali ajua fika ya kuwa ni vivuli. Hapana ubaya katika jambo hilo. Hadithi za bibi zetu zilikuwa na sungura wasemao na majitu yamezayo vijiji vizima, wala hakuna mtoto aliyeharibika kwa kuzisikia. Lakini liko swali ambalo kila mpenda sanaa yampasa kujiuliza: Je, msimulizi ana ruhusa ya kutudanganya hata mpaka wapi? Nataka kulijibu swali hilo kwa kutazama kitu kimoja tu, nacho ni maji. Maji yana sheria iliyo wazi, ambayo mwanafunzi aweza kuipima kwa beseni na kikombe. Kwa hiyo si vigumu kujua ni nani aliyeishika sheria hiyo na ni nani aliyeivunja.

Sheria yenyewe ilielezwa na Archimedes, Mgiriki wa mji wa Syracuse, aliyekufa mwaka 212 kabla ya kuzaliwa Kristo. Alisema kwamba kitu kikitiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyoondoka mahali pake. Ikiwa kitu kile ni kizito kuliko maji yaliyoondoka, huzama. Ikiwa ni chepesi, huelea. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi. Hewa ya ujazo huo huo ina uzito wa kilo moja na robo tu, au pungufu. Mwili wa binadamu hukaa mpakani: mtu akijaza mapafu yake hewa huelea kidogo, akiitoa yote huanza kuzama. Shika mambo haya matatu, msomaji, yaani uzito wa maji, wepesi wa hewa, na unyonge wa mwili wetu kati ya hivyo viwili. Hayo yatutosha kuhukumu filamu zote nitakazozitaja.

Nianze na ile iliyonifanya nifikiri kwa mara ya kwanza. Nilipokuwa kidato cha pili, mji wetu wa pwani ulikuwa na banda la video lenye mabenchi ya mbao na paa la mabati. Huko ndiko nilikoiona filamu ya maharamia iitwayo Pirates of the Caribbean: The Curse of the Black Pearl, iliyotoka mwaka 2003 na kuongozwa na Gore Verbinski. Ndani yake kuna tukio ambalo vijana wote wa banda lile walilishangilia. Haramia Jack Sparrow na mhunzi kijana Will Turner wanataka kuifikia meli ya kivita pasipo kuonekana. Wanaichukua mashua, wanaifudikiza juu ya vichwa vyao, kisha wanaingia baharini wakitembea juu ya mchanga wa chini, huku wakivuta hewa iliyonaswa ndani ya mashua. Juu yao maji ni matulivu, na samaki wanapita. Jinsi ilivyokuwa nzuri kutazama!

Kesho yake tulikwenda kulijaribu. Tulikuwa vijana wanne pamoja na binamu yangu aliyekuja likizo kutoka bara. Mashua hatukuwa nayo, lakini tulikuwa na nusu ya pipa la plastiki lililokatwa kwa kutekea maji. Tukaingia katika hori mpaka maji yakatufika kifuani, tukalifudikiza pipa, tukalisukuma chini. Halikwenda. Tukalikalia, likatuinua. Tukaning'inia kila mmoja ukingoni mwake. Likalala upande, likatoa hewa yake kwa mlio mkubwa kama mtu aliyeshiba, likatuangusha sote. Tulirudia mpaka tukachoka. Siku ile lilitokea na jambo jingine, ambalo nitalieleza baadaye kwa kuwa lina uzito kuliko pipa.

Sasa tufanye hesabu ambayo hatukuifanya siku ile. Nusu ya pipa la lita 200 hushika lita 100 za hewa. Kuizamisha hewa hiyo yataka nguvu ya kilo 100 na zaidi kidogo, nasi vijana tulio majini hatukuwa na uzito wa kutoa, maana maji yalikuwa yametubeba. Je, mashua? Tuseme mashua ya makasia ilinasa mita moja ya ujazo ya hewa, kadirio lisilo kubwa. Ili izame yahitaji zaidi ya tani moja ya uzito ivutwe chini, na mbao zake zenyewe, ambazo huelea, hazisaidii neno. Wanaume wawili wenye kilo 75 kila mmoja ni kilo 150 wakiwa nchi kavu. Wakiwa ndani ya maji mpaka shingoni, uzito uliobaki ni wa vichwa vyao na pengine mabega. Mashua hiyo haingaliwafuata chini. Ingaliwachukua juu kama vile puto lichukuavyo uzi.

Mtu aweza kujibu kwamba hewa hubanwa na kina cha maji, na hivyo ni kweli. Katika kina cha mita 10 mkandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, na hewa iliyonaswa hupungua ikawa nusu yake. Katika kina cha mita 5 hubaki theluthi mbili. Lakini theluthi mbili ya mita ya ujazo bado husukuma juu kwa nguvu ya kilo 680 hivi. Tena, kama hewa ilibanwa, maji yangalipanda ndani ya mashua mpaka theluthi moja ya nafasi, nasi katika filamu hatukuona dalili yake. Waliozamia kwa kweli walilijua jambo hili zamani. Edmond Halley, yule mwanafalaki wa Uingereza ambaye nyota yenye mkia imepewa jina lake, alitengeneza kengele ya kuzamia mwaka 1691. Ilikuwa ya mbao, lakini aliivika risasi nzito ili ikubali kushuka. Wazamiaji wa lulu wa Ghuba, watu wa Bahrain na Kuwait, hawakujirusha baharini mikono mitupu; mzamiaji alitia mguu wake penye jiwe lililofungwa kamba, nalo jiwe likamshusha. Anayeyajua maji hulipa kwa uzito kila hatua ya kwenda chini.

Hapa yafaa mhakiki awe mwenye haki. Filamu hii ni ngano ya dhahabu yenye laana na wafu wasiokufa. Katika tukio jingine, maharamia waliogeuka mifupa wanatembea chini ya bahari kwa safu, mbalamwezi ikiwaangaza. Mbona hilo sililalamikii? Kwanza, msimulizi ametutangazia mapema ya kuwa watu hawa wamelaaniwa, nasi tumekubali mkataba wake. Pili, na hili ni la kuchekesha, mifupa ni mizito kuliko maji na haina mapafu ya kushika hewa. Kwa hiyo mfupa huzama, na mifupa itembeayo ingalikaa chini vizuri kabisa. Mzimu umeishika sheria ya Archimedes, na binadamu mzima ameivunja!

Kosa la tukio la mashua ni la namna nyingine. Jack Sparrow hatumii uchawi pale. Anatumia akili, tunaalikwa tumsifu kwa kuwa amegundua hila ambayo wengine hawakuiwaza. Werevu hupimwa kwa kushindana na ulimwengu ulivyo. Sungura wetu humshinda fisi kwa kuwa ameijua tamaa ya fisi. Lau fisi wa hadithi asingekuwa mlafi, ushindi wa sungura ungekuwa bure. Vivyo hivyo, msanii akituomba tumsifu mtu kwa werevu, hana budi kuacha ulimwengu ukaze upande wake. Akiulegeza kwa siri, sifa ile huwa ya wizi. Hiyo ndiyo kanuni yangu ya kwanza: muujiza uliotangazwa si uongo, bali hila isiyowezekana ni uongo hata ikipendeza.

Ziko filamu zilizolipa bei ya ukweli. Mwaka 1954 kampuni ya Walt Disney ilitoa filamu ya kitabu cha Mfaransa Jules Verne juu ya Kapteni Nemo na nyambizi yake, chini ya uongozi wa Richard Fleischer. Katika mandhari ya watu wanaotembea chini ya bahari, waigizaji walishushwa kweli baharini huko Bahamas, wamevaa mavazi mazito ya kuzamia. Tazama mwendo wao: mguu huinuka polepole, mwili huinama mbele, mchanga hutimka na kukawia kutua. Hakuna mwigizaji awezaye kuubuni mwendo huo akiwa nchi kavu, kwa sababu maji ni mazito kuliko hewa zaidi ya mara 800, na kila kiungo hulazimika kuyasukuma kando kabla ya kupita.

Linganisha na filamu ya Aquaman ya mwaka 2018. Huko waigizaji wengi walining'inizwa kwa mitambo katika chumba kikavu, na nywele zao zinazoelea zilichorwa baadaye kwa kompyuta. Nywele zinasema tuko baharini, lakini mikono inasema tuko barazani: hupiga ngumi na kugeuka kwa wepesi ambao maji hayamruhusu mtu. Nakiri kwamba mashujaa wale wana nguvu zisizo za kibinadamu, na mkataba umetangazwa. Hata hivyo jicho huchoka upesi, maana pasipo upinzani hapana juhudi, na pasipo juhudi hapana shujaa. James Cameron alichagua njia ngumu katika Avatar: The Way of Water ya mwaka 2022. Ingawa viumbe wake ni wa kubuni tupu, aliwatia waigizaji katika tangi kubwa la maji na kuwafundisha kuzuia pumzi, kwa kuwa vifaa vya kuvutia hewa vingetoa mapovu ya kuzisumbua kamera. Mwigizaji Kate Winslet alijizoeza hata akaweza kuzuia pumzi kwa zaidi ya dakika 7. Ulimwengu ule haupo, bali maji yapo, na kila mtazamaji huyahisi.

Huyo huyo Cameron ndiye aliyeacha nyuma yake ubishi mkubwa wa kuelea kuliko wote. Katika Titanic, filamu ya mwaka 1997, Rose amelala juu ya kipande cha mbao nzito, na Jack amebaki majini mpaka akafa kwa baridi. Kwa miaka mingi watazamaji walilalamika kwamba nafasi ilikuwako ya watu wawili. Lakini msomaji aliyefuata hesabu zetu ataona ya kuwa nafasi siyo swali. Tuseme ubao ule ulikuwa na urefu wa mita 2, upana wa mita 1, na unene wa sentimita 10. Ujazo wake ni lita 200. Kama kila lita ya mbao ilikuwa na uzito wa gramu 650, ubao wote ulikuwa na kilo 130, na ukizamishwa wote huondoa maji ya kilo 205. Tofauti ni kilo 75. Huyo ni mtu mmoja, tena ubao ukiwa umekwisha kufikia uso wa maji. Wa pili akipanda, wote wawili hulowa. Na maji ya usiku ule wa Aprili 1912 yalikuwa na baridi ya nyuzi 2 chini ya sufuri. Filamu yenyewe yaonyesha Jack akijaribu kupanda na ubao ukapinduka. Mwaka 2023 Cameron aliwaweka watu wawili katika maji ya baridi mbele ya kamera ili alijaribu jambo hilo kwa namna mbalimbali, akakiri kwamba kwa namna moja huenda Jack angaliweza kuishi. Mimi nampa heshima kwa mambo mawili: kwamba aliwafanya wapenzi wake watii sheria ya maji, na kwamba alikubali kupimwa nayo. Kifo cha Jack kinaumiza kwa kuwa ubao haukubembelezeka.

Nimelisogeza mbali lile jambo la horini, na sasa nalirudia. Tulipokuwa tukishindana na pipa, binamu yangu, ambaye hakujua kuogelea, alirudi nyuma hatua chache akakanyaga penye shimo la mkondo. Hatukujua. Alikuwa umbali wa mita sita kutoka kwetu, nasi tulikuwa tukicheka. Naapa kwamba nilimwona. Kichwa chake kilikuwa kimelala nyuma, kinywa ki sawa na uso wa maji, mikono imetandazwa ubavuni ikiyagandamiza maji. Nilidhani anacheza. Hakuita, hakupunga mkono. Mzee mvuvi aliyekuwa akipita na mtumbwi wake ndiye aliyeruka, akamtoa.

Tulipokuwa tumeketi mchangani tukitetemeka, nilimwambia mzee yule, "Babu, hakupiga kelele."

Akanijibu, "Mwanangu, hujapata kusikia ya kuwa mfa maji hukamata maji? Pumzi ya kuita ataitoa wapi?"

Nilikuwa nimeusikia usemi ule mara mia nikidhani ni wa mtu aliyekata tamaa akashika lisiloshikika. Sikujua ya kuwa ni habari iliyoonwa kwa macho. Kumbe nilikuwa nikingoja nione kile nilichofundishwa na sinema: mtu anayezama huinua mikono juu, huirusha, hulia "Nisaidieni!", huzama, huibuka, hulia tena, hata shujaa afike. Hivyo ndivyo filamu nyingi zionyeshavyo, na hivyo ndivyo isivyokuwa mara nyingi.

Irudie hesabu yetu. Mtu wa kilo 70 aliyejaza mapafu yake ana ziada ya kuelea ya kilo 3 hivi katika maji ya chumvi, na katika maji baridi ya ziwa au bwawa ziada hiyo ni ndogo zaidi. Kichwa peke yake ni kilo 5. Mikono miwili ni kilo 7. Kiungo kilicho ndani ya maji hubebwa na maji. Kikitoka nje, hurudi kuwa mzigo. Basi asiyejua kuogelea akiinua mikono yake kupunga, kichwa huenda chini. Mwili wake hulijua hilo kabla ya akili. Mikono hubaki ubavuni kuyasukuma maji, ili kinywa kipate kutoka kwa nukta moja. Na nukta hiyo ni ya kuvuta pumzi, si ya kusema. Frank Pia, mwokoaji wa ufuko wa Orchard huko New York, aliyatazama na kuyapiga picha matukio ya namna hii, akaeleza katika miaka ya 1970 kwamba mtu hukaa katika hali hiyo kwa muda wa sekunde 20 hata 60, kisha huzama. Yuko mwenye kuchoka ambaye bado aweza kupunga na kuita. Huyo asidharauliwe, asaidiwe. Lakini aliye karibu zaidi na kifo ndiye aliye kimya.

Kwa hiyo nakiweka kipimo cha pili. Mashua ya Jack Sparrow ni kosa la sanaa, nalo latugharimu nusu ya pipa na kicheko. Mzamaji mpiga kelele ni kosa la namna nyingine, maana mtazamaji hulibeba mpaka ukingo wa maji, na huko humfumba macho. Najua mwongozaji atajitetea kwamba kifo cha kimya hakionekani katika picha. Sikubali. Ni kipi kinachotisha kuliko watoto wanaocheka upande mmoja wa picha, na upande wa pili kichwa kimoja kinachopungua pasipo sauti? Ukweli hapa haupingani na sanaa. Umeiachia sanaa mlango wazi, nayo haikuingia.

Ninyi mnaosoma insha hii darasani mtaziona filamu nyingi kuliko nilizoziona mimi. Zifurahieni. Lakini kila shujaa aingiapo majini, ulizeni maswali matatu: Uzito wa kumshusha umetoka wapi? Ni nini kinachomzuia asiende kwa haraka? Na aliye taabuni anapumua saa ngapi? Filamu ikiyajibu, isifuni. Ikisema wazi kwamba ni muujiza, isameheni. Ikinyamaza, icheleweni kuiamini, hasa mkiwa karibu na ziwa, mto au bahari.

Binamu yangu yu hai, naye ni baba wa watoto wawili. Awapelekapo ufukoni hasumbuliwi na kelele zao hata kidogo. Wakinyamaza ndipo asimamapo.